Kuja na Kwenda: Maneno ya Waingereza juu ya Biashara Huria na Uhuru wa Kuhama

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa swali ambalo kwa Kiingereza lina maneno kumi na sita: je, nchi yao ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au itoke katika Umoja huo? Katika kila kura 100, karibu 52 zilitaka kutoka na 48 zilitaka kubaki. Swali lenyewe lilikuwa limechujwa kwa uangalifu. Mswada wa kwanza ulitaka jibu la ndiyo au siyo. Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo ilishauri ugeuzwe, kwa kuwa swali litajalo kubaki peke yake laweza kumvuta mjibuji upande wa kubaki. Ushauri huo ulifuatwa, na kazi ya Tume yastahili sifa. Walakini swali lililosawazishwa namna hiyo halikutaja biashara, wala halikutaja watu kuhama. Mwaka 1975, Waingereza walipoulizwa jambo lililo karibu na hilo, karatasi ya kura ilitaja Jumuiya ya Ulaya na kuongeza ndani ya mabano jina walilolizoea wengi, yaani Soko la Pamoja. Thuluthi mbili ya waliopiga kura walikubali kubaki. Baada ya miaka arobaini na mmoja soko lilikuwa limefutika katika karatasi, ingawa halikufutika katika maisha ya watu.

Hapa pana tatizo la lugha yetu ambalo ni vema litatuliwe kabla ya kuendelea. Magazeti ya Kiswahili hutumia maneno *kura ya maoni* kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kura ya taifa zima inayoamua jambo. La pili ni uchunguzi ambao watafiti huuliza watu elfu moja au elfu mbili ili wapime fikira za umma. Kwa habari nyingine ila hiyo si kubwa, maana muktadha humwokoa msomaji. Kwa habari ya Uingereza ni ila kubwa mno, kwa sababu kura ya kwanza haikuuliza lolote juu ya biashara na kuhama, na yote yaliyosemwa baadaye kwamba “wananchi wameamua” juu ya mambo hayo yalitoka katika zile za pili, au katika vinywa vya wanasiasa. Katika makala haya, basi, ya kwanza itaitwa kura ya maoni, na ya pili upimaji wa maoni.

Upimaji uliotajwa sana ni ule wa taasisi ya NatCen, uliotolewa Novemba 2016 na kuelezwa na Profesa John Curtice. Matokeo yake yalistaajabisha watu. Katika kila 100 waliojibu, yapata 90 walitaka biashara huria na Umoja wa Ulaya iendelee. Katika hao hao, yapata 70 walitaka idadi ya watu wa Umoja wanaoingia nchini iwekewe kikomo. Walipoulizwa kama nchi yao ikubali watu waje kwa uhuru ili nayo ipate kuuza kwa uhuru, waligawanyika karibu nusu kwa nusu: 49 walikubali, 51 walikataa. Wachambuzi wengi walitoa hukumu moja, kwamba watu hawa hawajui watakalo. Hukumu hiyo ni nyepesi. Maswali yenyewe yakitazamwa yatoa habari nyingine.

Swali la biashara liliwekwa pande mbili: makampuni ya Ulaya yauze Uingereza, na makampuni ya Uingereza yauze Ulaya. Mjibuji aliona anachotoa na anachopata, na vyote viwili vilikuwa vya jinsi moja. Swali la mwisho halikuwekwa hivyo. Upande mmoja watu wa Ulaya *wanakuja* Uingereza kukaa na kufanya kazi. Upande wa pili makampuni ya Uingereza *yanauza* bidhaa Ulaya. Yuko wapi Mwingereza anayekwenda? Mamia ya maelfu ya Waingereza walikuwa wakiishi Hispania na Ufaransa kwa sheria ile ile, lakini katika swali hawamo. Uhuru wa watu umegeuzwa kuwa bei, na uhuru wa bidhaa kuwa kitu kinachonunuliwa. Ikiwa nusu ya waulizwa walikataa bei hiyo, yafaa kustaajabia ile nusu ya pili iliyokubali kulipa ilhali haikuonyeshwa kwamba sehemu ya malipo ingerudi mfukoni mwake.

Haifai kusema kwamba waliotunga swali hilo walikusudia hila. Waliandika kama watu walivyozungumza, na katika mazungumzo ya Kiingereza ya miaka ile maneno “uhuru wa watu kuhama” yalikuwa yamekwisha kupata mwelekeo mmoja. Sababu zake ni za kweli. Mwaka 2004 nchi kumi ziliingia katika Umoja, nane kati yake za Ulaya ya mashariki na ya kati. Uingereza, pamoja na Ireland na Sweden, ilifungua milango ya ajira mara moja, ilhali nyingine zilingoja. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali yalitaja ongezeko la watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Waliokuja walikuwa wengi mara nyingi kuliko hao. Sensa ya 2011 ilionyesha kwamba Kipolandi kilikuwa lugha kuu ya watu 546,000 katika England na Wales, na hapakuwa na lugha nyingine iliyokipita ila Kiingereza na Kiwelisi. Mtu wa mji mdogo aliyesikia Kipolandi dukani hakuwa na haja ya kuelezwa maana ya kuja. Kwenda hakukuona, kwa sababu aliyekwenda hayupo.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuificha tofauti hii kwa urahisi. Jina la Kiingereza lililotumika katika mikataba halina upande. Lasema mwendo, lisiseme kuelekea wapi. Kiswahili kina *kuja* na *kwenda*, nacho humlazimisha msemaji aonyeshe amesimama wapi. Kina *hama* na *hamia*, la kwanza likitazama mahali panapoachwa, la pili mahali panapofikiwa. Lakini badala ya kuitumia mali hii, waandishi wengi wamechukua *uhuru wa kutembea*, neno lisilofaa hata kidogo. Mtu anayetembea hurudi kwake jioni. Sheria ya Ulaya ilimpa raia haki ya kukaa, kufanya kazi na kuleta jamaa zake. Wala haki hiyo haikuwa bila mpaka: kwa sheria ya mwaka 2004, aliyetaka kukaa zaidi ya miezi mitatu ilimpasa awe na kazi au anaitafuta, au awe mwanafunzi, au awe na mali ya kumtosha pamoja na bima ya matibabu. Tena Uingereza haikuingia kamwe katika mapatano ya Schengen, na hati za wasafiri zilikaguliwa mipakani siku zote. Aliyeandika kwa Kiswahili kwamba Waingereza walichoshwa na “mipaka iliyo wazi” alifasiri kelele za kampeni, hakufasiri sheria. Na yule Mpoland aliyeko Uingereza aghalabu huitwa *mhamiaji*, ilhali Mwingereza aliyeko Hispania ni “Mwingereza anayeishi Hispania”. Kiingereza kina upendeleo huo pia, lakini si lazima tuuazime.

Neno la pili lihitajilo kutazamwa ni lile la Kiingereza *free*. Kwetu maana zake zimegawanywa: *huru* kwa asiye mtumwa au asiye kifungoni, *bure* kwa kisicholipiwa, na *huria* kwa jambo lisilowekewa masharti ya kuingia, kama katika Chuo Kikuu Huria. Waingereza 90 katika 100 waliposema wanataka biashara iwe *free*, walitaka ipi? Mapatano yaliyofikiwa tarehe 24 Desemba 2020 yalitoa jibu ambalo hakuna aliyeliuliza. Ushuru wa forodha haukuwekwa wala kiwango cha bidhaa hakikupunguzwa, mradi bidhaa zitimize masharti ya asili yake. Lakini tangu mwanzo wa 2021 muuza nyama au samaki wa Uingereza alitakiwa kuonyesha cheti cha afya, maelezo ya forodha na uthibitisho wa mahali bidhaa zilikotengenezwa. Biashara ilikuwa ya bure mlangoni, isiwe huria njiani. Serikali ingeweza kusema imewapa watu walichotaka, na mwenye kiwanda kidogo angeweza kusema amenyang’anywa, nao wote wawili wangetumia neno lile lile bila ya kusema uongo.

Waingereza wana mapenzi ya zamani na biashara huria, nayo hayakutokana na vitabu vya wachumi. Sheria za nafaka zilizofutwa mwaka 1846 zilihusu bei ya mkate, na katika uchaguzi wa 1906 walioipinga sera ya ushuru ya Joseph Chamberlain waliwaonyesha watu mkate mkubwa na mkate mdogo, na watu wakaelewa. Mwaka 2016 mkate uligeuka keki. Boris Johnson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema sera ya serikali ni kuwa na keki na kuila pia, akiipindua methali ya Kiingereza isemayo kwamba mambo hayo mawili hayawezekani. Donald Tusk alijibu huko Brussels, Oktoba mwaka huo, kwamba atakaye na anunue keki, aile, kisha atazame kama bado ipo sahanini.

Wafasiri wa Kiswahili hapa huikimbilia methali *mshika mbili moja humponyoka*. Yaonekana kuwa sawa, lakini sivyo. Methali ya Kiingereza yahusu kitu kimoja, ambacho kikiliwa hakipo tena. Yetu yahusu vitu viwili na udhaifu wa mkono. Na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya hilo hilo. Wakuu wa Umoja walishikilia kwamba uhuru wa bidhaa, huduma, mitaji na watu ni kitu kimoja kisichogawanyika. Waliotaka kutoka walishikilia kwamba ni vitu mbalimbali, na mwenye mkono hodari aweza kuchagua. Atumiaye methali yetu amekwisha kuwapa ushindi hao wa pili kabla ya hoja kusikilizwa, naye huku anadhani anawakemea.

Watu waweza kuulizwa jambo hili waziwazi, na Uswisi ni ushahidi. Nchi hiyo si mwanachama wa Umoja, ila ina mapatano nao ya watu kuhama na ya biashara. Februari 2014 wananchi walikubali kwa 50.3 katika 100 kwamba uhamiaji uwekewe kikomo. Umoja haukukubali kuyafungua mapatano upya. Septemba 2020 waliulizwa kama mapatano ya uhuru wa watu kuhama yavunjwe, wakijua kwamba mapatano mengine ya biashara yangevunjika nayo, na karibu 62 katika 100 walikataa. Waingereza hawakupata kuwekewa mambo hayo mawili katika karatasi moja. Badala yake Waziri Mkuu Theresa May alitangaza tarehe 17 Januari 2017 kwamba nchi itatoka katika soko la Ulaya, akiisoma kura ya maoni kana kwamba nayo ilikuwa imeuliza hilo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tabia hii ya kusikia *kuja* peke yake si ngeni. Sheria ya 1948 iliwapa watu wa makoloni na wa Jumuiya ya Madola haki ya kuingia Uingereza na kukaa; sheria ya 1962 ikaipunguza; na mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye hati za Uingereza walipoanza kuondoka Nairobi, Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa muda wa siku chache tu. Wakati huo nao hapakuwa na aliyetaja idadi ya Waingereza waliokwenda Kenya.

Uhuru wa watu kuhama ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020. Walioingia hawakupungua, bali waligeuka: katika mwaka ulioishia Juni 2023 ongezeko la watu kwa uhamiaji lilizidi 800,000, wengi wao wakitoka nje ya Ulaya, India na Nigeria zikiwamo. Desemba 2024 baraza la utafiti liitwalo ECFR lilitoa upimaji wa maoni ambao 68 katika 100 walikubali uhuru wa watu kuhama urudi ikiwa ndiyo njia ya kuingia tena katika soko la Ulaya. Hata miongoni mwa waliopiga kura ya kutoka, 54 walikubali. Wapo walioandika kwamba Waingereza wamebadili nia. Yamkini ni kweli, maana miaka minane ni mingi. Lakini swali la 2024 si lile la 2016 neno kwa neno, na mwenye kulinganisha 49 na 68 bila kuyaweka maswali yenyewe mbele ya msomaji amelinganisha kibaba na pishi.

Serikali ya chama cha Labour iliyoingia Julai 2024 ilikuwa imeahidi kutorudi katika soko la Ulaya wala katika uhuru wa watu kuhama. Mpango wa kuwaruhusu vijana wa pande mbili waishi na kufanya kazi ng’ambo kwa muda ulikuwa ukijulikana kwa jina lenye neno la mwendo ndani yake. Katika mkutano wa London wa tarehe 19 Mei 2025 pande hizo mbili zilikubaliana kuushughulikia mpango huo, na katika hati iliyotolewa siku hiyo neno la mwendo halimo. Mpango umeitwa wa vijana kupata uzoefu.