Rangi Haijaiva

Gari nililiacha Shimoni, karibu na gati, nikavuka kwenda Wasini kumjulia hali shangazi yangu. Lilikuwa limetoka gereji juzi yake, limepuliziwa rangi upya ya buluu, linang'aa kama maji ya hifadhi ya bahari ya Kisite saa sita mchana. Wasini hakuna gari hata moja. Kisiwa kizima ni kidogo, na njia zake ni za miguu, zinazopita baina ya mibuyu na miamba ya matumbawe. Kwa hiyo niliegesha ng'ambo, chini ya mwembe wenye kivuli kizito, nikaingia chomboni moyo umetulia.

Ufukoni, mbele kidogo ya nyumba za mwisho, nilimkuta fundi mzee amekaa juu ya gogo. Mbele yake palikuwa na mashua iliyopandishwa juu na kutiwa magadi, imepakwa rangi nyeupe na mkanda wa kijani ubavuni. Juu yake kulikuwa na banda la makuti, pande zote wazi. Mkononi alishika kuti moja bichi. Nikasogea kumwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini pita demani, usipite goshini."

Nikazunguka. Alitaka vumbi la miguu yangu lipeperushwe mbali na chombo, si kuelekea kwenye rangi. Nilidhani yule mzee anapumzika, na kumbe yuko kazini. Brashi aliiweka chini siku nne zilizopita, na tangu hapo kila siku yuko pale tangu umande wa asubuhi haujapaa mpaka magharibi, akifukuza mbuzi, kuku na watoto. Mbuzi hupenda kujikuna ubavuni mwa chombo na kuramba chumvi. Mtoto naye akiona kitu kinang'aa, lazima akiguse.

"Si imekauka?" nilimuuliza.

"Imekauka. Haijaiva."

Neno hilo nilikuwa sijalisikia miaka mingi. Nyumbani kwetu Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa hicho hicho, babu yangu alilitumia kila mwisho wa kusi, pepo zilipolegea na watu wakaanza kutengeneza vyombo kabla ya kaskazi. Kukauka, kwake, lilikuwa jambo la juu juu, la ngozi. Kuiva ni kwa ndani, kama embe. Na alikuwa sahihi. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga iliyoanikwa. Inavuta hewa, mafuta yaliyomo yanashikana na oksijeni, na kazi hiyo huanzia juu ikashuka polepole chini. Ukiigusa baada ya siku moja utaona kidole kimetoka kikavu, ukadhani mambo yamekwisha, ilhali chini ya ngozi ile rangi ingali laini kama uji uliofanya utando.

Babu alikuwa na mambo yake. Hakupaka kabla umande haujakauka mbaoni, wala baada ya adhuhuri, ili rangi iwe imeshika kabla umande wa usiku haujashuka. Alfajiri alimwaga maji ya bahari mchangani kuzunguka chombo, mbali kidogo na mbao, ili mchanga usipae. Maji matamu hakuyathubutu: Wasini ni kisiwa kisicho na mto wala kisima cha maji matamu, na siku hizo watu waliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa. Lakini ninalolikumbuka kuliko yote ni karabai.

Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, kumbikumbi hutoka. Wakitoka jioni huruka kuelekea chochote cheupe, chochote chenye mwanga, na mashua nyeupe chini ya mwezi ni karamu yao. Asubuhi ungekuta mbawa mia zimeganda kwenye rangi, na kuzibandua ni kuibandua rangi yenyewe. Basi mwaka mmoja mvua iliwahi, na mashua yetu ilikuwa na siku mbili tu tangu ipakwe. Babu akawasha karabai. Hakuiweka karibu na chombo. Alihesabu hatua kama hamsini kwenda upande ulikokuwa ukielekea upepo, akaitundika juu ya mti, akaweka chini yake karai la maji. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nikapewa kazi ya kukaa hapo na kuipampu kila ikififia. Kule kwenye mashua kulikuwa giza tupu. Huku kwangu kumbikumbi walikuja kama mvua ya pili, wakiungua mbawa, wakianguka karaini. Usiku wa manane bibi alikuja na kikoi cha kunifunika. Kulipopambazuka babu alikwenda kuikagua mashua ubao kwa ubao, kutoka gubeti hadi tezi. Aliporudi hakusema kitu, alinishika kichwa tu. Wale kumbikumbi bibi aliwakaanga.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na kusikia watu wengi wakisifiwa kwa akili zao. Sijaona akili iliyonipendeza kama ile ya kuulinda weupe wa mashua kwa kuwasha taa mahali pengine.

Rangi yenyewe si ya kale sana kwetu. Vyombo vya zamani kwa kawaida havikupakwa rangi mwili mzima. Juu ya maji vilisuguliwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake ilikutangazia bandari kabla hujaiona, na chini vikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu watobozao mbao wasipate pa kuingilia. Chokaa ilichomwa kwa mawe ya matumbawe, nayo ina tabia ile ile: huvuta hewa, na kwa siku nyingi hurudi kuwa jiwe. Wazee wetu, kwa sifa, kwa chokaa, na baadaye kwa rangi za makopo, walishughulika na vitu vinavyotaka kungojewa. Ndiyo maana, nadhani, hawakuona ajabu kungoja.

Tena bahari yenyewe iliwalazimisha. Hili ndilo alilonifungulia macho yule fundi wa Wasini siku ile. Mashua hupandishwa juu kwa bamvua, mwezi uandamapo au ukiwa mpevu, maji yanapojaa kupita kiasi. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Maji yakishafika mafu, chombo kimekaa juu kabisa na bahari haikifikii tena. Hata mwenye chombo awe na haraka vipi, hata wateja wa kwenda Kisite wawe wamesimama gatini wanamngoja, hana la kufanya mpaka bamvua ijayo. Siku kumi na nne, kumi na tano. "Bahari ndiyo msimamizi wangu," aliniambia. "Mwenye mashua akija kunisukuma, namwonyesha maji yako wapi."

Gari halina bamvua. Gari lina mwenyewe tu, naye ana haraka. Kiwandani rangi ya gari jipya huokwa tanurini kwa joto la nyuzi 140 hivi, ndipo likatoka barabarani. Gereji zenye uwezo zina chumba maalumu cha nyuzi 60. Gereji zetu za kando ya barabara zina jua na turubai, na hilo si kosa, jua letu linatosha kabisa, ila jua lataka siku. Tina iliyobaki ndani ya rangi inahitaji muda wa kupanda na kutoka. Ndiyo sababu watengenezaji wa rangi huagiza nta isipakwe mpaka siku 30 zipite, wengine 60, kwani nta huifungia tina mlangoni. Ndiyo sababu pia gari bichi halifunikwi nailoni usiku. Lataka banda lililo wazi pande zote, kama lile la makuti.

Mimi nilikabidhiwa langu jioni ile ile lililopuliziwa, nikaambiwa, "Tayari, mkubwa, twende kazi." Hakuna aliyenieleza kuhusu vumbi, wala kuoshwa, wala mahali pa kuegesha. Na mimi, mjukuu wa mtu wa karabai, sikuuliza. Nililipa nikaondoka. Kosa ni letu sote wawili, na langu ni kubwa zaidi, kwa sababu mimi nilifundishwa.

Fundi aliposikia habari ya gari alinyamaza kidogo.

"Umeliweka wapi?"

"Chini ya mwembe."

"Mwembe wa pale Shimoni? Na kunguru?"

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, na leo hakuna mti wa pwani wasioulala. Niliporudi alasiri nilikuta madoa matatu juu ya boneti, yamekaushwa na jua, na tone la utomvu wa embe karibu na kioo. Niliyalowesha taratibu, nikayainua kwa kitambaa bila kusugua. Yalitoka. Chini yake pamebaki duara tatu zilizofifia, rangi imesinyaa kama ngozi iliyoungua. Zipo mpaka leo, nazo nimekataa kuzipakia juu.

Bamvua ilipofika nilivuka tena, safari hii makusudi. Vijana walikuwa wameshakusanyika, mmoja ameshika simu anapiga picha, mwenye mashua anatazama saa. Maji yalikuwa yamefika kwenye mkuku. Wote walikuwa wanangoja ruhusa ya mtu mmoja. Fundi aliinama chini ya tezi, mahali ambapo hapaonekani na mtu, akabonyeza kidole gumba chake, akakaza, akahesabu kimoyomoyo. Akakitoa. Akapasogezea uso, akapanusa.

"Imeiva," alisema.

Wakaondoa magadi. Mashua ikateleza juu ya magogo, ikagusa maji, ikainuka bila kishindo, nyeupe pasi na alama moja. Watu wakapiga kelele za furaha, vijana wakarukia ndani. Mzee alibaki ufukoni akikusanya makuti ya banda, peke yake, nami nikaenda kumsaidia. Nilimuuliza mwakani atapaka chombo cha nani.

"Huyu kasema mwakani anaagiza ya faiba," alijibu, akifunga makuti kwa kamba.

Gogo lake tuliliacha pale pale mchangani.