Kuunga Vilindi

Kijana mmoja, mpima ramani, aliketi barazani kwetu hapa Mzumbe na karatasi mbili za kina cha Bwawa la Mindu: moja kuukuu, wino umefifia, nyingine ya juzi. Mahali palepale, ya zamani ilionyesha maji mengi, mpya machache. Mwingine angeitupa ile kuukuu. Yeye alianza kuuliza. Siku ile bwawa lilikuwa limejaa kiasi gani? Walipima kuanzia usawa upi? Walitumia kamba au mashine ya mwangwi? Alipokwisha kupata majibu ndipo akasema: hapa hapana kosa, huu ni udongo. Ni udongo wa Uluguru, ulioteremshwa na mito kama Mlali na Ngerengere. Bila ile karatasi kuukuu, tungejuaje mlima umetuponyoka kiasi gani?

Udongo ambao Mindu haikuunasa huendelea na Ruvu hadi baharini, kaskazini ya Bagamoyo. Na huko baharini ufundi ni uleule, ila kazi ni kubwa mno, maana hakuna awezaye kuipima bahari peke yake akaimaliza.

Kapteni Owen wa Uingereza aliipima pwani yetu miaka ya 1820, na homa ikawamaliza mabaharia wake wengi. Chombo chao kilikuwa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, kitako chake kimetobolewa shimo dogo na kujazwa shahamu. Ikigusa chini, shahamu hunasa kilichopo. Mpimaji huivuta kamba akihesabu pima, kisha huigeuza bildi na kukisogeza kitako machoni. Kikiwa na mchanga mweupe, huandika mchanga. Kikiwa na tope, huandika tope. Kikitoka kitupu, kimekwaruzwa, hujua amegonga mwamba. Ndiyo maana ramani za kale za baharini huweka hali ya chini kando ya tarakimu ya kina. Mkono wa mtu yule umo ndani ya tarakimu ile.

Baadaye vikaja vipimo vya mwangwi, safari kubwa za utafiti wa Bahari ya Hindi za miaka ya 1960, na makadirio ya setilaiti. Ziwa Victoria nalo lina ramani ya kina iliyounganisha nukta zaidi ya milioni nne, zikiwemo zilizotoka kwenye ramani ya enzi za ukoloni. Fundi wa kuunga vipimo hivi vya zamani na vipya hugeuza pima kuwa mita na kuondoa tofauti ya maji kujaa na kupwa. Huishuku nukta inayochomoza peke yake, lakini haifuti haraka, kwani huenda ni mwamba wa kweli.

GEBCO, mradi ulioanzishwa mwaka 1903 kwa msaada wa Albert I, mtawala wa Monaco, hutoa ramani ya sakafu ya bahari pamoja na jedwali la pili linaloeleza asili ya kila kipande: kimepimwa na meli, au kimekisiwa. Kwangu mimi huo ndio uungwana wa kazi hii.

Siku hizi tunapenda picha tu. Watu huichukua ramani na kuliacha jedwali. Kwenye simu bahari ni buluu laini toka ufuko hadi ufuko, na hakuna anayeuliza nani alishusha kamba wapi. Kumbe zaidi ya theluthi mbili ya sakafu ya bahari duniani haijapimwa kwa vyombo vya kisasa. Manahodha wetu wa Bagamoyo, Mafia na Kilwa waliijua milango na mafungu kwa kulinganisha minara, mibuyu na vilima. Elimu hiyo ilikaa vichwani, na wazee wanaondoka nayo. Hata kile kilichoandikwa kinaliwa na mchwa stoo.

Wewe mwenye daftari la vipimo vya bwawa, bandari au mlango wa bahari, usilichome. Andika juu yake tarehe, chombo kilichotumika, usawa wa maji na jina la aliyepima, kisha ulipeleke kwa wanaojua kuliunga na mengine.