Nani alinde Lusenda wavuvi wakiwa ziwani?

Lusenda iko kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, ziwa Tanganyika upande huu, milima upande ule. Kiutawala ni sekta ya Tanganyika, teritware ya Fizi. Hadi 2015 kilikuwa kijiji cha wakulima wa muhogo na wavuvi wa ndagala. Mwaka huo Warundi walikimbia machafuko yaliyozuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu, kambi ikafunguliwa hapo, na hatimaye ikapokea watu zaidi ya 20,000. Ulinzi wa kijiji ulikuwa umejengwa juu ya kujuana. Ghafla kila njia ya kwenda shambani ikawa na sura ngeni.

Kilichorahisisha kazi ya ulinzi ni kwamba pande zote mbili ziliijua nyumbakumi, yaani kila nyumba kumi kuwa na kiongozi wao. Warundi walikuja nayo kutoka kwao. Wabembe wengi, wenyeji wa eneo hili, nao waliwahi kuishi ukimbizini Tanzania, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako sungusungu, walinzi wa jamii waliotoka miongoni mwa wakimbizi, walifanya doria pamoja na polisi. Tanzania na HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilikubaliana mwishoni mwa miaka ya 1990 kuweka polisi maalumu makambini kwa fedha za shirika hilo. Fundisho kubwa la mpango huo lilikuwa mgawanyo wa kazi: sungusungu huona na kuita, polisi hukamata na kuandika. Pale mipaka hiyo ilipopotea, sungusungu waligeuka mahakimu wenye fimbo.

Upande wa Kongo, sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inaitaja polisi ya taifa, PNC, kuwa chombo cha kiraia kinachotumikia jamii. Uingereza iligharamia majaribio ya polisi wa karibu na raia Bukavu, Matadi na Kananga, na humo ndimo ilimokomaa halmashauri ya usalama inayojulikana kwa herufi CLSP. Mkuu wa eneo ndiye mwenyekiti. Komanda wa polisi, wanawake, vijana na mashirika ya kiraia wana viti. Kabla ya kupanga doria yoyote, halmashauri hufanya uchunguzi wa eneo. Wanawake wanasikilizwa peke yao, wavuvi peke yao, wenye pikipiki peke yao, na kila kundi linaonyesha mahali linapoogopa na saa linapoogopa.

Hatua hiyo ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo inayorukwa kwa urahisi kuliko zote. Chukua ndagala. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti samaki mbalamwezi inapong'aa. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na wanaume wako nyumbani. Usiku wa giza totoro wako ziwani. Doria ya vijana na wanaume inakuwa nene usiku wenye mwanga, inapungua usiku wa giza, ambao ndio mwizi wa mbuzi anaoungoja. Orodha ya doria iliyopangwa kwa siku za juma haitaona jambo hili kamwe. Mama anayebaki na watoto analiona kila mwezi. Orodha ikipangwa kwa kalenda ya mwezi, na wakulima wasiovua wakapewa zamu za giza, pengo linazibika bila kuongeza hata polisi mmoja.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuni na muhogo. Mkimbizi anakwenda kutafuta kuni asubuhi, mwenyeji anakuta mihogo imeng'olewa, na kabla ya jua kutua kosa la mtu mmoja limekuwa kosa la kambi nzima. Hapa doria haitoshi. Kinachosaidia ni nyumbakumi wa kijiji na mwakilishi wa kambi kwenda shambani pamoja siku hiyo hiyo, wakaangalia nyayo na kuandika jambo moja katika madaftari mawili. Maneno yakifika sokoni kabla yao, wamechelewa.

Mnyororo wa ulinzi hukatika zaidi baada ya mwizi kushikwa. Katiba ya 2006 inasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Lakini mashariki ya Kongo ni kawaida mlalamikaji kuombwa pesa ya karatasi au ya mafuta ya pikipiki. Asiye nayo anaacha kesi, mshukiwa anatoka kasho, na usiku unaofuata vijana wanasema: safari hii hatumpeleki popote. Vipigo vya umati huanzia hapo. Kwa hiyo sikubali kirahisi ripoti inayosema uhalifu umepungua kwa sababu malalamiko yamepungua. Huenda watu wameacha kulalamika.

Na kuna kosa ambalo baraza la kijiji halina haki ya kulimaliza. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zilikaza adhabu za ubakaji na kukataza kesi yake izimwe kwa kulipa faini. Hata hivyo mbuzi wa upatanisho bado hutolewa, na msichana hubaki jirani wa aliyemdhuru. Baraka ilikwisha kuonyesha kwamba njia nyingine ipo: Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi hapo ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ubakaji uliofanywa Fizi siku ya mwaka mpya, baada ya wanawake kusimama na kutoa ushahidi.

MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, iliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na pamoja nayo likaondoka tegemeo kubwa la halmashauri hizi. Mafuta ya gari na posho za mikutano zinaweza kukosekana. Daftari, kalamu na kalenda ya mwezi hazina gharama ya kutisha. Basi mashefu wa Lusenda na wenzao wa kambini, daftari hilo lisomwe barazani kila mwezi, kila kesi itajwe imefika wapi bila kutaja jina la aliyebakwa, na wanawake wawe wa kwanza kuulizwa doria ya usiku wa giza ipite wapi.