Wasifu Usiofanya Kazi: Maisha ya Kila Siku ya Mwanariwaya na Uumbaji wa Wahusika katika Riwaya za Unguja

Utangulizi

Tasnifu nyingi za fasihi ya Kiswahili huwa na kijisehemu kiitwacho "Wasifu wa Mwandishi". Humo msomaji huelezwa mwandishi alizaliwa wapi, alisoma skuli gani, alifanya kazi zipi na alisafiri nchi zipi. Baada ya hapo wasifu hufungwa, na uchambuzi wa wahusika huendelea kana kwamba wasifu huo haukuandikwa. Mtafiti alitenda kosa hilo hilo katika tasnifu yake ya umahiri. Siku ya utetezi, mtahini aliuliza swali moja tu kuhusu kurasa nne za wasifu: "Ukizifuta, nini kitapungua katika hoja yako?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna kitakachopungua.

Makala hii inalirudia swali hilo. Inadai kwamba maisha ya kila siku ya mwanariwaya yana thamani ya kihakiki pale yanapotuonesha namna alivyojizoeza kutazama na kusikiliza. Yanapofanywa ghala la matukio, ambamo kila mhusika hutafutiwa mtu halisi, thamani hiyo hupotea. Dai hili linajaribiwa kwa waandishi wawili wa Unguja, Muhammed Said Abdulla (1918–1991) na Adam Shafi, aliyezaliwa mwaka 1940.

Bwana Afya na Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka 10. Mwaka 1948 aliingia katika uhariri wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa jarida la kilimo la Mkulima. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960.

Wahakiki wamezoea kumlinganisha mpelelezi wake, Bwana Msa, na Sherlock Holmes. Kiko anachovuta na rafiki anayefuatana naye, Najum, huupa mlinganisho huo nguvu. Hata hivyo, mlinganisho huo unaeleza umbo la riwaya za upelelezi, hauelezi jicho la Bwana Msa. Mkaguzi wa afya huingia majumbani mwa watu. Hutazama kisima, mtaro, maji yaliyotuama na uchafu uliofichwa nyuma ya nyumba. Anapoambiwa kwamba maradhi yameletwa na shetani, kazi yake ni kutafuta mbu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inakutwa mzimuni na watu wanawaelekezea kidole wazee wa kale. Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Njia ya kufikiri ni ile ile, nayo ni ushahidi wa zoezi la kazi, hata ikiwa hakuna kesi yoyote ya riwaya iliyowahi kutokea kazini.

Lakini ulinganifu pekee hautoshi, kwani panapotofautiana pana uzito zaidi. Mkaguzi huja na amri ya serikali, na mwenye nyumba hana budi kumfungulia. Bwana Msa hana amri hiyo. Hawezi kumkamata mtu wala kumlazimisha kusema. Hupiga hodi, husalimu, huketi, husikiliza, na hupata kwa mazungumzo kile ambacho polisi hawakukipata kwa mamlaka yao. Kwa maoni ya mtafiti, mwandishi alibakisha jicho la mkaguzi na kumvua mamlaka yake. Mhusika huyu ameumbwa kwa kupunguza. Wasifu unatusaidia kuiona hatua hiyo, kwa sababu bila kujua mkaguzi alikuwa na nini, hatuwezi kujua Bwana Msa amenyimwa nini.

Kazi ya uhariri nayo inatoa mwanga wa namna nyingine. Kwa tarehe za uchapishaji, katika miaka yote ya utumishi Abdulla alitoa riwaya moja tu kabla ya 1968. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka huo aliostaafu, na baada yake zikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Tarehe ya kuchapishwa si tarehe ya kuandikwa. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba ofisi ilimnyima muda. Tunachoweza kusema ni kwamba sehemu kubwa ya riwaya zake ilimfikia msomaji baada ya mwandishi kukaa miaka mingi akiwaandikia watu wa kawaida, wanaotaka kuelezwa jambo hatua kwa hatua. Bwana Msa anapomfafanulia Najum mnyororo wa sababu, sauti hiyo ya mhariri inasikika.

Msafiri na Wahusika Wake

Adam Shafi anaupa mjadala huu mtihani mgumu zaidi, kwa sababu maisha yake yanamvutia mhakiki kupita kiasi. Alisafiri ujanani kutafuta elimu Ulaya, safari ambayo haikuwa ya likizo, na ameisimulia katika Mbali na Nyumbani (2013). Alifungwa baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972, na Haini (2003) inatokana na kipindi hicho. Kwa Haini, uhusiano wa maisha na riwaya hauna ubishi. Hatari ni kuugeuza uhusiano huo kuwa kanuni ya kusomea kazi zake zote.

Kuli (1979) inajenga kilele chake juu ya mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948, wakati mwandishi alikuwa mtoto wa miaka minane. Katika Vuta N'kuvute (1999), safari za mwandishi zinaweza kutusaidia kumsoma Denge, kijana aliyesoma Urusi. Hazitusaidii kumwelewa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mzee asiyempenda, wala Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo anayempokea Yasmin jamaa zake walipomkataa. Ajabu ni kwamba ni hao wawili, walio mbali kabisa na wasifu wa mwandishi, wanaobaki zaidi akilini mwa msomaji.

Mtafiti anaishi Mpendae, upande huo huo wa Ng'ambo. Barazani, riwaya hii inapotajwa, kila mzee ana Mwajuma wake. Mmoja humweka mtaa huu, mwingine mtaa ule, na hakuna anayekubali Mwajuma wa mwenzake. Mtafiti alianza kwa kuyaandika majina, akidhani yatampeleka kwa Mwajuma wa kweli. Baadaye alitambua kwamba kutoafikiana kwao ndiko kulikokuwa na maana. Mhusika anayedaiwa na watu wengi hakunakiliwa kutoka kwa mtu mmoja. Amekusanywa kutoka katika usikilizaji wa muda mrefu.

Ikumbukwe pia kwamba Mbali na Nyumbani ilitoka miaka 34 baada ya Kuli. Mtu anayeitumia kumweleza mwandishi wa 1979 anatumia kumbukumbu zilizopangwa na mwanariwaya mzoefu, anayejua kuumba mhusika, akiwemo yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Tawasifu inahitaji uhakiki kama riwaya inavyohitaji.

Hitimisho

Makala hii haipendekezi kuufuta wasifu wa mwandishi katika tasnifu zetu. Inapendekeza uondoke kwenye utangulizi na uingie katika uchambuzi, kila taarifa ikikaa karibu na mhusika inayemweleza. Ukaguzi wa afya ukae karibu na Bwana Msa. Safari za Ulaya zikae karibu na Denge, wala zisisogezwe kwa Mwajuma. Taarifa isiyo na mahali pa kukaa iachwe, hata ikiwa ni ya kweli na imepatikana kwa taabu. Majina ya Mpendae yaliyoandikwa barazani yameachwa kwa kanuni hiyo hiyo: yangeijaza sehemu ya wasifu, na yangefutwa bila ya chochote kupungua katika hoja.