Pikipiki ya Majini kwa Familia: Chunguza Njia ya Maji

Mnunuzi wa pikipiki ya majini huanza karibu kila mara na swali lisilomsaidia: ina nguvu farasi ngapi? Muuzaji hulipenda swali hilo, kwa kuwa jibu lake limebandikwa ubavuni mwa chombo. Kwa familia inayotaka kwenda ufukweni Jumamosi na kurudi salama bila kuvutwa kwa kamba na mashua ya wavuvi, swali la kwanza ni jingine: maji yanaingia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi? Maji ndiyo yanayoisukuma mashine hii na ndiyo yanayoipoza. Kwa sisi wa pwani, ndiyo pia yanayoiua.

Njia yenyewe haina siri. Chini ya bodi kuna tundu lenye kichana cha chuma. Injini huzungusha shafti, na mwisho wa shafti kuna rafadha iliyofungiwa ndani ya pampu. Maji hufyonzwa kutoka chini, yakabanwa, yakatoka kwa nguvu kwenye mdomo mwembamba nyuma. Usukani haugeuzi kingine ila mdomo huo. Sehemu ndogo ya maji hayo hayo huchepushwa kwenda kupoza. Sasa kumbuka kwamba nafasi kati ya ncha za rafadha na ukuta wa pampu haifiki milimita moja. Mchanga wa ufukweni ukipita hapo mara kwa mara hula ukuta, nafasi inapanuka, maji yanavuja kurudi nyuma. Dalili yake huwachanganya wengi: injini inanguruma kwa afya kabisa, lakini chombo hakichomoki. Mafundi huhangaika na plagi na pampu ya petroli wiki nzima wakati ugonjwa uko nyuma, kwenye pete inayofanya ukuta wa pampu, spea ambayo bei yake haifiki robo ya kufungua injini.

Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji husisitiza kina cha maji kabla ya kuwasha: Yamaha hutaja sentimita 60, Sea-Doo sentimita 90. Pwani yetu, ambako bamvua hushusha maji kwa karibu mita nne, sharti hilo ni zito. Ufukwe uliokuwa na kina kizuri asubuhi huweza kuwa tope, mchanga na matumbawe saa chache baadaye. Mashariki ya Unguja kuna jambo la ziada, mashamba ya mwani na kamba zake. Kamba moja ikifyonzwa hujiviringisha kwenye shafti na kuisimamisha injini papo hapo, na mkulima wa watu amepata hasara. Ziwa Viktoria hakuna chumvi, ila gugumaji huziba kichana vilevile. Anayenunua bila kujua atashushia chombo wapi amenunua nusu tu ya kitu.

Wabunifu walihitaji zaidi ya miaka 30 kuifanya njia hii ya maji iaminike. Clayton Jacobson, Mmarekani aliyependa mashindano ya pikipiki, alipeleka wazo lake kwa kampuni ya Bombardier ya Kanada, na mwaka 1968 ikatoka Sea-Doo ya kwanza, ya kukalia, yenye injini ndogo ya Rotax iliyopozwa kwa hewa. Haikudumu sokoni. Kawasaki wakalichukua wazo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutoa Jet Ski ya kuendesha ukiwa umesimama. Yamaha wakafuata na WaveRunner katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1988 Bombardier wakarudi uwanjani. Zama zote hizo injini zilikuwa za mipigo miwili: nyepesi, rahisi kufungua, lakini zenye moshi, kelele na kiu kubwa ya petroli. Udhaifu wao mkubwa baharini ulikuwa ndani. Beringi za krenki zililainishwa na ukungu wa oili tu, hivyo maji ya chumvi yakiingia na kulala humo siku mbili, kutu ilikuwa imeshamaliza kazi. Bado zipo zinazouzwa za mtumba kwa bei ya kuvutia. Kwa familia, ziache.

Mwaka 2002 ndio uliotenganisha zama. Yamaha walileta FX140, yenye injini ya mipigo minne iliyotokana na ile ya pikipiki yao ya R1, na Sea-Doo wakaleta GTX 4-TEC yenye injini ya Rotax ya sentimita za ujazo 1,494. Petroli ikashuka, moshi ukapungua, oili ikawa na makazi yake. Lakini vilikuwa vyombo vya bei kubwa, vya watu wa mbio na wa fahari. Kilicholeta suluhisho la familia kilitoka miaka mitatu baadaye, na ningependa kukaa nacho kidogo, kwa sababu jinsi kilivyoundwa ndiyo kipimo changu cha vyombo vyote vilivyofuata.

Yamaha VX110 ya mwaka 2005 ilikuwa na injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,052. Ujazo huo huo, katika FX High Output iliyoitangulia, ulitoa nguvu farasi 160. Kwenye VX wahandisi waliridhika na 110. Watu wa mbio waliona wamenyimwa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote katika historia ya vyombo hivi. Injini inayodaiwa kidogo kuliko uwezo wake hupata joto dogo, hubana pistoni kidogo, huvumilia petroli ya kituo cha barabarani, na humsamehe mwenyewe anayechelewa kubadilisha oili. Viti vitatu, tanki la lita zipatazo 60, bodi ndefu isiyoyumba mtoto anapopanda kutoka majini. Toleo la Deluxe lilikuja na rimoti ya kufunga injini isiwashwe na yeyote, na ya kuipunguzia mwendo anapokabidhiwa mwanafunzi. Mzazi aliyesimama ufukweni anajua thamani ya kitufe hicho.

Breki haikuwa nayo, wala umeme mwingi, wala supachaja. Orodha ya visivyokuwemo ndiyo iliyoifanya idumu. Vyombo vya VX vya miaka hiyo bado vinafanya kazi ya kukodishwa kwenye fukwe nyingi duniani, na mwenye biashara ya kukodisha hana mapenzi na chombo kinacholala gereji.

Kipimo hicho ni rahisi kukitumia hata leo: gawanya nguvu kwa ujazo. Kawasaki STX 160 na Ultra 310 zina injini za ujazo ule ule wa 1,498. Moja inavuta hewa yenyewe na kutoa farasi 160, nyingine inasukumiwa hewa na supachaja hadi 310. Rotax ya 1,630 ya Sea-Doo imeuzwa kuanzia farasi 130 mpaka 325. Bodi zinaweza kufanana kwa macho ya mgeni, lakini maisha ya ndani hayafanani. Ukibana mafuta mpaka mwisho, injini ya farasi 300 hunywa zaidi ya lita 70 kwa saa. Ya farasi 110 hunywa karibu nusu ya hizo. Na supachaja ni mashine juu ya mashine. Sea-Doo za supachaja za katikati ya miaka ya 2000 ziliacha somo linalokumbukwa na kila fundi: washa za kauri ndani ya supachaja zilipasuka, vipande vikaingia kwenye oili, na oili ikavisambaza injini nzima. Baadaye zikaja washa za chuma. Anayeuziwa chombo cha miaka hiyo adai ushahidi kwamba washa zilibadilishwa, na asipoupata ahesabu gharama ya kufungua supachaja ndani ya bei.

Sasa turudi kwenye maji, safari hii yale ya kupoza, maana hapa kambi mbili zinatofautiana kwa kweli. Yamaha na Kawasaki hupitisha maji ya bahari moja kwa moja ndani ya injini na kuyatoa. Sea-Doo za mipigo minne hutumia kulanti iliyofungwa, kama gari, ambayo hupozwa kwa kuzungushwa ndani ya bamba la alumini linalogusa maji chini ya bodi. Mfumo wa Sea-Doo huilinda injini dhidi ya chumvi na mchanga, na kwa karatasi unashinda. Lakini usidanganyike kwamba hauhitaji kuoshwa: ekzosi bado inapozwa kwa maji ya bahari, na hiyo nayo huoza. Mfumo wa wazi una vipande vichache vya kuharibika, mradi mwenye chombo ana nidhamu. Kwa familia yenye bomba la maji nyumbani na mtu mmoja anayewajibika, nachagua mfumo wa wazi wa injini tulivu. Kama chombo kitaachiwa mlinzi wa ufukweni au ndugu wanaopokezana, nachagua kulanti iliyofungwa.

Uoshaji wenyewe una mpangilio ambao ukikosewa huua injini iliyotoka baharini salama. Washa injini kwanza, ndipo ufungue bomba. Unapomaliza, funga bomba kwanza, injini ingurume sekunde chache itoe maji, ndipo uizime. Ukifungua bomba injini ikiwa kimya, maji hujaa kwenye ekzosi na kurudi mpaka kwenye silinda. Na nchi kavu isingurume muda mrefu bila maji, kwa kuwa mipira ya ekzosi na sili ya shafti vinategemea maji hayo kupoa.

Bodi ni suala fupi. Sea-Doo Spark iliyotoka kwa modeli za 2014 ilishusha bei kwa kutumia plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo badala ya faiba ya kawaida, ikawa na uzito wa kilo 200 hivi. Ni nyepesi kuvutwa na gari dogo, inanywa kidogo, vijana wanaipenda. Kwa baba, mama na mtoto juu yake kwa pamoja, wakati wa kusi, inarushwa mno. Tena Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar mafundi wa kuziba faiba hawakosekani, wakati plastiki ile inataka ufundi wa namna nyingine.

Usalama nimeuweka hapa kwa sababu nao ni suala la njia ya maji. Usukani hugeuza mdomo wa pampu, hivyo maji yakiacha kutoka, hakuna usukani. Mtu mgeni akiona boti mbele hufanya kile ambacho mwili unamwambia, anaachia mafuta na kukata kona. Chombo kinaendelea moja kwa moja kuelekea kile anachokikwepa. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilipochunguza ajali hizi mwaka 1998 ilikuta kwamba pikipiki za majini ndizo vyombo pekee vya burudani ambavyo vifo vyake vingi havikutokana na kuzama bali na kugonga. Sea-Doo walijibu mwaka 2009 kwa breki ya iBR: ndoo inayoshuka nyuma ya mdomo wa pampu na kuelekeza maji mbele. Yamaha wakaleta RiDE kwa modeli za 2015. Hapa naacha mapenzi yangu kwa usahili. Injini ya msuli mdogo, ndiyo. Lakini kama mtoto wa miaka kumi na sita ataendesha, breki ina thamani kuliko farasi mia za ziada, hata kama inaongeza mota ya umeme ya kutunza. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi kila safari. Anayekaa nyuma avae suruali ya mpira ya kuogelea, si chupi ya kuogelea peke yake. Mkondo wa pampu humjeruhi vibaya ndani ya mwili anayeangukia nyuma yake, na onyo hilo limebandikwa kwenye kila chombo kipya kwa sababu ya majeraha halisi.

Kwa bajeti ya familia nyingi tunaongelea mtumba. Uliza saa za injini, lakini usizifanye mungu: saa 150 za ziwani zenye kumbukumbu ya oili ni bora kuliko saa 40 za chombo kilicholala miaka mitano na petroli ndani ya tanki. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikikaribiana ni afya, moja ikiachana na nyingine ni hatari. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeupe kama maziwa imeshachanganyika na maji, na hapo mazungumzo yamekwisha. Ingia chini na tochi, tazama ncha za rafadha na mikwaruzo ya pete. Hakikisha karatasi za umiliki ziko sawa, na uliza mapema masharti ya usajili na usalama kwa mamlaka za vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya.

Mwisho, usilipe kabla chombo hakijaingia majini. Kabla ya kukishusha fungua kiti, hakikisha ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya bodi, ni kavu na hakuna harufu ya petroli. Kiendeshe nusu saa, watu wawili juu, kwa mwendo wa kati na wa mwisho, ukisikiliza kama mlio unapanda bila chombo kuongeza kasi. Rudi ufukweni, fungua kiti tena. Kikombe kimoja cha maji ndani ya ngama si neno. Kama ni ndoo, kuna sili au mpira unaovuja, na bei ishuke kwa kiasi cha matengenezo hayo au uondoke.