Kwa Nini Boda ya Luzira Haisubiri Chaji

Kutoka Luzira hadi katikati ya Kampala, ukipitia Kitintale na Bugolobi, ni takriban kilomita 10. Mwendesha boda huenda na kurudi kutwa, na akisimama tu, abiria wake huchukuliwa na mwenzake wa steji. Ukimwambia achomeke pikipiki ukutani kwa saa sita, hatakusikiliza.

Kampuni za pikipiki za umeme za Zembo na Bodawerk, ambayo siku hizi inaitwa Gogo, zililikwepa tatizo hilo. Betri haichajiwi ikiwa ndani ya pikipiki. Dereva anafika kituoni, anatoa iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipa na kuondoka.

Tuchukue mfano wa betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Inabeba karibu kilowati-saa 2.9. Pikipiki yenye abiria ikila wati-saa 40 kwa kilomita, betri hiyo itaifikisha kilomita 70 hivi. Ukiacha akiba kidogo, zinabaki 60, yaani safari tatu za mjini na kurudi. Anayekimbia kilomita 120 kwa siku atahitaji betri mbili, na hilo halimpotezei hata abiria mmoja.

Faida kubwa zaidi haionekani barabarani. Betri 20 zikichajiwa kituoni polepole, kwa saa sita, zinadai kilowati 10 tu. Laini ya kawaida ya fezi tatu inatosha. Zitake zijae zote kwa dakika 20, na mzigo unapanda kupita kilowati 170: hapo unazungumzia transfoma yako mwenyewe, tena katika mtaa unaogawana umeme na viwanda, kikiwemo kile cha bia cha Uganda Breweries pale Port Bell. Juu ya hayo, seli za lithiamu zikisukumiwa umeme kwa kasi hiyo hupata joto na kuzeeka mapema.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024, na hata kabla yake Uganda ilikuwa na ziada. Kinachobana ni nyaya na transfoma za mitaani, na mzigo mdogo wa usiku kucha hauzisumbui.

Treni ina njia yake ya kutosubiri chaji. Reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huvuta umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu huku ikienda, na reli ya Malaba–Kampala, ambayo mkataba wake Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi Oktoba 2024, nayo imepangwa kuwa ya umeme. Boda inayochepuka vichochoroni haiwezi kufuata waya.

Mfumo wa kubadilishana betri una gharama yake: betri lazima ziwe nyingi kuliko pikipiki, na betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya nyingine. Shirika la Viwango la Uganda liweke kipimo kimoja cha betri na plagi sasa, kabla kila kampuni haijajaza Kampala vituo visivyoingiliana.