“Dhahania” na Mizani ya Methali: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Miongoni mwa istilahi zinazopita mikononi mwa wafasiri wa maandishi ya tiba, limo neno ambalo kosa lake laweza kumdhuru mtu asiyeweza kujitetea. Neno hilo ni “dhahania”. Hutumika kutaja uwezo wa akili wa kuondoka kwenye kitu kimoja kinachoonekana na kufikia wazo linalokusanya vitu vingi. Walimu wa sarufi wamelizoea katika “nomino dhahania”, kama vile utu na uhuru, na huko halina matata. Matata huanza linapohamishiwa hospitalini, katika maelezo ya ugonjwa wa skizofrenia.

Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi ambaye kitabu chake cha mwaka 1911 kilieneza jina la ugonjwa huo, alihesabu kulegea kwa mfungamano wa fikra kuwa mojawapo ya dalili za msingi. Baada yake, Vygotsky mwaka 1934, na Goldstein pia, walieleza jinsi mgonjwa anavyopungukiwa na uwezo wa kuunda mawazo ya jumla. Ikawa desturi kumwuliza mgonjwa maana ya methali, na mwaka 1956 Gorham akatoa jaribio sanifu la methali. Anayejibu kwa kushikilia vitu vinavyotajwa katika methali huandikwa kuwa hawezi kupanda juu ya vitu hivyo.

Je, taarifa ya Kiswahili itasemaje? Mstari wa kwanza: “Mgonjwa ana dhana potofu.” Mstari wa pili: “Hana uwezo wa kufikiri kidhahania.” Msomaji asiye daktari, awe hakimu, mwajiri au ofisa wa ustawi wa jamii, atauliza: mwenye dhana tele amekosaje dhahania? Tena katika matumizi ya kawaida neno hili hubeba pia maana ya jambo la kuwazika tu, lisilokuwapo. Hivyo kupungukiwa nalo kwaweza kudhaniwa kuwa ni sifa njema. Napendekeza sarufi ibaki na “dhahania” yake, nayo tiba iseme “fikra za jumla”, na kinyume chake “fikra za kitu kimoja kimoja”. “Dhana potofu” iachiwe imani za kiugonjwa peke yake.

Hata hivyo, jina jema haliponyi jaribio lililofasiriwa vibaya. Iko methali ya Kiingereza isemayo kuwa jiwe linalobingirika halioti kuvu. Waingereza wenyewe huifasiri kwa njia mbili zinazopingana: wengine humlaumu asiyetulia mahali pamoja, wengine humsifu. Kwetu kuvu ni dalili ya kuoza, na mtu mwenye akili timamu ataona kwamba jiwe hilo limepata bahati. Hapo kinachopimwa si akili bali ufasiri.

Wala kuchukua methali yetu hakutoshi. Tuseme kijana wa Gongo la Mboto ameulizwa maana ya “Haba na haba hujaza kibaba”. Kibaba hakijui; sokoni kwao unga hupimwa kwa kilo au kisado. Anajibu: “Ndivyo tunavyojenga huku, tofali moja moja mpaka chumba.” Mpimaji anayesubiri sentensi ya jumla ataandika kwamba kijana amenaswa na kitu kimoja. La hasha! Ametoka kwenye kipimo cha nafaka akafika kwenye nyumba, na hakuna njia ya kufika huko isiyopitia wazo la jumla. Kwa upande wa pili, mwanafunzi aliyekariri darasani maana ya methali hiyo aweza kuitapika bila kufikiri hata kidogo.

Hatari hii ina historia. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akamfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Lugha yenye utu, ujamaa na uadilifu haina upungufu wa mawazo ya jumla. Upungufu ulikuwa katika mizani.

Hatusemi kwamba maradhi hayapo, wala kwamba hayaathiri fikra. Wapo wagonjwa wanaonaswa na vitu, na wapo wanaopaa mno hata maneno yao yasishikike. Lakini umri, elimu na mazoea ya lugha huathiri pia jibu la methali, na kwa hiyo jibu moja lisitoshe kumhukumu mtu.

Basi, badala ya “Nini maana ya methali hii?”, mfasiri aandike: “Ungemwambia nani methali hii, na kwa nini?” Swali hilo linafuata jinsi methali zinavyoishi katika Kiswahili, yaani katika tukio, na linamfungulia mlango mgonjwa aliyesoma na asiyesoma. Istilahi na maswali ya namna hii yapitiwe na waganga na wanalugha kwa pamoja kabla ya kuchapwa katika fomu, ili kosa la mfasiri lisije likaandikwa kuwa ni ugonjwa wa mtu.